Safu ya Lugha: Kuoka, si "kubeki"

"Leo nimebeki keki," husema mzazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, aliyeanza kujifunza mapishi kwa raha yake, watoto wakishalala. Hamu hiyo ni ya kupongezwa. Lakini "kubeki" la nini, na neno kuoka lipo?

Kuoka halikuletwa na oveni ya umeme. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson ya 1939 inalieleza kuwa ni kupika kwa moto pekee. Kuchoma ni jirani yake, ila huko chakula hukutana na moto uso kwa uso, kama mishikaki ya Forodhani. Samaki aliyetiwa kwenye ubano, yaani kijiti kilichopasuliwa cha kumshikia kwenye moto, huyo hubanikwa.

Neno lenye utamu zaidi ni kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu. Mkate wa kumimina, wa mchele uliosagwa kwa tui na kutiwa hamira, sukari na iliki, humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kutelekwa juu ya moto mdogo. Kisha hufunikwa, makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, mpaka uso uive rangi ya kahawia. Mwenye jiko la mkaa tu naye anaoka. Tanuri, neno lililotoka Kiarabu, si sharti.