Meya wa Kaunti

Msomaji wa Nairobi akikutana na maneno "meya wa kaunti" atasita, kwa kuwa kwao kaunti ina gavana, na mameya waliondoka pamoja na mabaraza ya miji mwaka 2013. Wa Mwanza atamfikiria mwenyekiti wa baraza, mwenye joho na mkufu, aliyechaguliwa na madiwani wenzake huku shughuli za kila siku zikiwa mikononi mwa mkurugenzi. Habari yenye maneno hayo ikiwa imetoka jimbo la Tennessee, Marekani, picha zote mbili zitampotosha msomaji.

Jimbo hilo lina kaunti 95. Ukiacha chache zilizounganishwa na miji yake, kama Davidson yenye Nashville, kila moja ina meya anayepigiwa kura na wananchi wenyewe kwa kipindi cha miaka minne. Hadi mwaka 2003 aliitwa mtendaji wa kaunti. Bunge la jimbo likabadili jina, kazi ikabaki ileile. Kwa hiyo mfasiri asisahau kuwa huyu meya ni mtendaji.

Kazi yake kubwa ni bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kabla ya hapo lazima apeleke makadirio mbele ya baraza la kaunti, ambalo ndilo lenye kauli ya mwisho juu ya kodi. Huteua wakuu wa idara, lakini baraza ndilo linalowathibitisha. Azimio asilolitaka anaweza kulizuia kwa kura ya turufu. Wajumbe walio wengi wakilipitisha tena, limepita.

Na mipaka yake ni mikali. Sherifu, mweka hazina, mthamini wa mali na karani wa kaunti nao huchaguliwa na wananchi, kila mmoja kwa kura zake, na meya hawezi kumfukuza hata mmoja. Mwenye malalamiko kuhusu jela ya kaunti humwendea sherifu. Shule zina bodi yake iliyochaguliwa: baraza hupitisha jumla ya fedha, bodi hupanga matumizi. Ndiyo maana nakataa kumwita "gavana wa kaunti" ili Mkenya aelewe haraka. Gavana wa Kenya anaongoza serikali nzima ya kaunti na mawaziri wake. Tena Tennessee ina gavana wake, wa jimbo zima.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye neno "kamishna". Wajumbe wa baraza la kaunti huko huitwa makamishna, lakini Kenya kamishna wa kaunti ni mteule wa serikali kuu. Tuwaite madiwani, maana wanachaguliwa na wananchi na kazi yao ni ya udiwani.

Knoxville inaonyesha kwa nini neno "kaunti" lisidondoshwe. Mji una meya wake. Kaunti ya Knox, inayouzunguka na kuujumuisha, ina wa kwake: mwaka 2018 alichaguliwa Glenn Jacobs, ambaye mashabiki wa mieleka wanamjua kwa jina la Kane. Mwandishi akiandika "meya wa Knoxville" akimkusudia Jacobs, amempa cheo cha mtu mwingine. Aandike "meya wa Kaunti ya Knox", na pale jina linapotajwa kwa mara ya kwanza aongeze: mtendaji mkuu wa kaunti, aliyechaguliwa na wananchi.