Koleji Alfajiri na Mlango Wake

Katika jubilei hii ya parokia imetupasa kukumbuka pia masomo, maana kanisa na masomo vilikuja kwetu pamoja. Tutasema habari za koleji moja tu, ile ya Mapadri Wayezuiti pale Ibanda, karibu na ziwa Kivu.

Ilianzishwa mwaka 1938, mji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Costermansville. Jina lake lilikuwa Notre-Dame de la Victoire, ndiye Bikira Maria wa Ushindi. Lakini ushindi ule haukuwa wa wote. Koleji ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu; Mwafrika aliingia mle kwa kazi, si kwa kusoma. Kijana wetu aliyetamani Kilatini alikwenda seminari ndogo ya Mugeri. Twayasema hayo pasipo uchungu, ila si haki kuyaficha: wazee wetu walisali Salamu Maria ileile iliyosaliwa ndani ya koleji, na mlango ulikuwa umefungwa.

Ulianza kufunguka katika miaka ya hamsini, kidogo kidogo, na baada ya Uhuru wa 1960 watoto wetu wakaingia wengi. Taabu hazikukosa. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji tangu Agosti hata Novemba. Mwisho wa 1974 Serikali ya Mobutu ilitwaa masomo ya makanisa, ikayarudisha 1977. Katika siku zile za Authenticité, majina ya kigeni yalipotupwa, koleji ikapata jina la Alfajiri. Wako waliohuzunika kwamba Bikira ameondolewa mlangoni. Sisi tuliopita seminari hatuhuzuniki sana: katika litania yeye ni Nyota ya asubuhi, na nyota hiyo huonekana saa gani, kama si alfajiri?

Oktoba 1996 vita iliingia mjini, na tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, naye Myezuiti, akauawa.

Leo hakuna anayeuliza rangi ya ngozi. Lakini tangu miaka ya tisini, mshahara wa Serikali ulipokosa kutosha, wazazi ndio wanaobeba waalimu, na masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Tunawajua mama wa parokia hii wauzao sambaza sokoni Kadutu. Usiku huhesabu feza ya sekondari, noti moja moja, na mtoto aketi kando yao akingoja kusikia hesabu imefika wapi.