Mikoko ya Rufiji na bahari inayopanda

Kimya kilikuwa kirefu, majaribio yalitubana. Leo nawaletea historia, maana hapa chuoni ukisema bahari inapanda unaambiwa hiyo kazi ya watu wa Jiografia. Mimi nasoma masomo yote mawili, na nabisha.

Tuanzie mbali kidogo. Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati barafu imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita zipatazo 120. Barafu ikayeyuka, maji yakapanda kwa maelfu ya miaka, hadi kama miaka 7,000 iliyopita kasi ikapungua. Hapo ndo mito mingi ilipopata nafasi ya kujenga delta. Kwa hiyo mkoko kukimbizana na bahari si jambo jipya hata kidogo. Mizizi yake inakamata tope, tope linarundikana, ardhi inainuka pamoja na maji. Maji yakizidi, miti ya mbele inakufa na michanga inaota nyuma, upande wa nchi kavu. Msitu unahama taratibu. Ili aweze hayo mkoko anadai vitu viwili tu: tope kutoka juu ya mto na nafasi ya kurudi nyuma. Hivyo viwili naomba mvishike.

Sasa twende Rufiji. Delta yenyewe siku hizi iko wilaya ya Kibiti, na mikoko yake ilipopimwa karibu na 1990 ilikuwa takribani hekta 50,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Kwenye notisi zetu za sekondari biashara ya pwani ilikuwa pembe na watumwa, boriti zikapata neno moja. Jamani, boriti! Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamesheheni miti, kwa sababu kwao hakuna. Upana wa vyumba kwenye majumba ya mawe ya Zanzibar na Lamu ulifuata urefu wa boriti, ndo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Wajerumani nao, tangu 1898, wakaanza kuusimamia msitu wa delta, wakauza nguzo na magome ya kutengenezea ngozi. (Ndimo humo manowari yao Königsberg ilipojificha 1914, hadi Waingereza walipoimaliza Julai 1915.)

Watu walikata miti karne na karne, lakini msitu uliendelea kuota. Tope lilikuwepo, nafasi ilikuwepo.

Miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulihamia kaskazini ya delta. Kusini chumvi ikazidi, na maji baridi yakaelekea kaskazini. Mpunga hauwezi chumvi, basi wakulima wakayafuata maji: wakafyeka mikoko, wakapanda, na baada ya misimu kadhaa magugu na kaa wanawashinda, wanafyeka pengine. Wapo wanaowaita waharibifu. Mimi sikubali, mtu anafuata maji ya kula. Ila ukweli ni kwamba mashamba hayo yamekalia ile nafasi ya nyuma.

Halafu tope. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji. Ni megawati 2,115, na umeme nautaka, nisiwadanganye. Lakini maji yakitulia nyuma ya ukuta tope linazama hukohuko. Misri walimaliza Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970, na pwani ya delta ya Nile pale Rashid imeliwa na bahari vibaya sana.

Na bahari yenyewe haiendi tena mwendo wa zamani. Kati ya 1901 na 1971 ilipanda wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka duniani. Kati ya 2006 na 2018 ikawa 3.7. Watafiti waliochunguza matope ya kale ya mikoko sehemu mbalimbali duniani walitoa matokeo 2020: bahari ikipita milimita 6 hivi kwa mwaka, mikoko inashindwa kuinuka nayo. Hapo tunaongelea kamba wa Rufiji, samaki, mpunga na visima vya watu.

Kuna kitu vitabu havina, nacho ni kumbukumbu za wazee. Mlilana ndio mkoko unaosimama mbele kabisa baharini. Kama una babu au bibi wa Salale, Mbwera au Nyamisati, muulize enzi zake milango ya mto ilikuwa ipi, mlilana wa mwisho ulisimama wapi, na kisima gani kilikuwa cha maji baridi ambacho leo ni cha chumvi. Kisha niandikie, na useme ilikuwa mwaka gani, hata kwa kukisia tu kwamba ni kabla au baada ya Uhuru.