Njia ya Shoal Creek

Njia ya Shoal Creek ni njia ya umma ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli inayofuata kijito cha Shoal Creek katika mji wa Austin, makao makuu ya jimbo la Texas nchini Marekani. Ni miongoni mwa njia za kwanza za aina hiyo mjini humo. Historia yake inaonyesha jinsi mji unavyopanga mahali pa mapumziko kando ya kijito ambacho siku nyingi maji yake hayafiki magotini, lakini siku ya mvua kubwa kinaua.

Kijito

Shoal Creek huanzia sehemu za kaskazini mwa mji, hupita kati ya nyumba, maduka na ofisi, kisha humwaga maji yake katika Lady Bird Lake, ziwa lililotokana na kuzuiwa kwa mto Colorado. (Huu ni mto Colorado wa Texas, si ule unaopita Grand Canyon, wanafunzi huichanganya mara nyingi.) Edwin Waller alipopima viwanja vya mji mpya mwaka 1839, aliuweka kati ya vijito viwili: Shoal Creek magharibi na Waller Creek mashariki. Mwaka 1875 gavana wa zamani Elisha Pease na mkewe Lucadia waliupa mji ardhi kando ya kijito, ambayo leo ni bustani ya Pease Park.

Udongo wa eneo hili ni mwembamba na chini yake kuna mwamba wa chokaa, hivyo mvua kubwa hainywewi na ardhi. Mji ulipokua, mapaa, barabara za lami na maegesho ya magari yaliongeza maji yanayokimbilia kijitoni. Matokeo yake ni kwamba maji hupanda kwa dakika, si kwa siku.

Mafuriko ya 1981

Usiku wa tarehe 24 Mei 1981 mvua ya zaidi ya milimita 200 ilinyesha kwa saa chache katika sehemu za Austin. Watu 13 walikufa mjini. Kando ya Shoal Creek magari yaliyokuwa yakiuzwa yalisombwa, na hata piano za duka la muziki zilichukuliwa na maji. Baada ya msiba huo mji uliweka ada ya mifereji ya maji ya mvua kwa wakazi, ukafunga vipimo vya mvua na vya kina cha maji ili kutoa tahadhari mapema, na kukaza masharti ya ujenzi katika maeneo ya mafuriko.

Kwa mpangaji wa njia, somo lilikuwa wazi: ardhi iliyo kando kabisa ya kijito haifai kwa nyumba, lakini inafaa kwa kitu kinachoweza kufunikwa na maji usiku na kuoshwa matope asubuhi. Njia ya miguu ni kitu cha namna hiyo.

Upangaji wa njia

Kazi ya mwanzo ilifanyika katika miaka ya 1960, ikiongozwa na Janet Fish, mkazi aliyejitolea kusukuma jambo hili na kusimamia ufyekaji wa njia kando ya kijito. Mwaka 2013 lilianzishwa shirika la Shoal Creek Conservancy, na mwaka 2018 likishirikiana na mji lilitoa mpango wa kurefusha njia hadi takriban kilomita 21, kutoka ziwani hadi kaskazini mwa mji.

Ugumu mkubwa zaidi ni umiliki. Upande wa kusini kuna bustani za umma, kwa hiyo njia hufuata maji. Kaskazini viwanja vya watu binafsi hushuka hadi kijitoni, na nyua za nyuma za nyumba ndizo kingo zenyewe. Hapo mji una chaguo mbili tu: kupata haki ya kupita kwa kila mwenye kiwanja, au kuipeleka njia barabarani. Kwa sehemu kubwa ilichaguliwa barabara, iitwayo Shoal Creek Boulevard. Ugomvi ukahama: wenye baiskeli walitaka nafasi iliyotengwa, wenye nyumba walitaka kuegesha magari mbele ya milango yao, na mabishano yaliendelea kwa miaka. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba sehemu kama hiyo ndiyo kipimo cha mpango wowote. Kuchora mstari ndani ya bustani si kazi ngumu.

Upana nao una sababu. Njia inayotumiwa na wenda kwa miguu na baiskeli pamoja huhitaji takriban mita 3, na mwinuko usiozidi asilimia 5 ili mtu wa kiti cha magurudumu aweze kupita. Changarawe ni rahisi lakini husombwa. Zege ni ghali lakini hubaki. Daraja nalo halipaswi kuzuia magogo na takataka zinazoletwa na maji, kwa sababu likiziba huinua mafuriko kuelekea nyumba zilizo juu yake.

Kingo zenyewe pia husogea. Mwezi Mei 2018 sehemu ya genge iliporomoka karibu na Pease Park, na kipande cha njia kikafungwa.

Hesabu ya mafuriko

Ramani za mipango hutaja "mafuriko ya miaka 100". Jina hili hupotosha. Maana yake si kwamba yanakuja mara moja kila karne, bali kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kutokea. Anayekaa mahali hapo miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona angalau mara moja, yaani 1 kutoa 0.99 iliyozidishwa yenyewe mara 30.

Mwaka 2018 takwimu mpya za mvua za serikali ya Marekani ziliongeza makadirio ya mvua ya saa 24 ya kiwango hicho katika Austin, kutoka takriban milimita 250 hadi kufikia 330 katika baadhi ya sehemu. Mji ukaanza kutumia mpaka wa zamani wa mafuriko ya miaka 500 kama mpaka mpya wa miaka 100, hivyo viwanja vingi vilivyokuwa nje ya ramani viliingizwa ndani.