Kifaa cha kulehemu: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Kwa fundi wa simu wa Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kifaa cha kulehemu kisichofaa kinaweza kuleta hasara isiyorekebishika. Ubao wa saketi ukiungua, mteja hupoteza picha na namba zake, na fundi hupoteza mteja.

Joto kiasi gani?

Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, na lehemu isiyo na risasi iliyoenea tangu hapo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 220.

Kifaa kisicho na kidhibiti joto hupoa kinapogusa sehemu pana ya shaba. Fundi hulazimika kukishikilia muda mrefu, na vijia vya shaba huweza kubanduka ubaoni. Kwa kazi nyeti hufaa kifaa cha wati 60 au zaidi, chenye kihisio cha joto karibu na ncha. Ncha ziwe za kubadilishwa: bapa kwa viungo vikubwa, nyembamba kwa vidogo.

Umeme unapopungua

Umeme wa majumbani Burundi ni wa volti 220. Volti zikishuka hadi 180, kifaa rahisi cha wati 40 hutoa takriban wati 27 pekee. Vipo vifaa vya volti 12 hadi 24 vinavyoweza kutumia betri umeme unapokatika. Hata hivyo, kwa volti 12 nguvu yake ni takriban robo ya ile ya volti 24.

Kwa kifaa cha umeme wa ukutani, plagi yenye waya wa ardhi, ikichomekwa kwenye soketi iliyounganishwa ardhini, humlinda fundi na vipuri dhidi ya umeme unaovuja.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aulize iwapo ncha za akiba zinapatikana sokoni. Ncha nyingi ni za shaba iliyofunikwa kwa tabaka jembamba la chuma, hivyo kuzisugua kwa tupa huziharibu. Zifutwe kwa sponji yenye unyevu na kupakwa lehemu kabla ya kuzimwa.

Kibanda kiwe na hewa ya kutosha kuondoa moshi, na anayetumia lehemu yenye risasi aoshe mikono kabla ya kula.