Plagi Mbili, Ziwa Moja

Plagi yenye vijiti viwili vya mviringo ililetwa huku Kongo na Wabelgiji. Katika prizi ya mtindo wao, pini ya ardhi hutokeza kwenye prizi yenyewe na kuingia katika tundu la plagi. Fyuzi haimo ndani ya plagi. Ulinzi uko kwenye ubao wa umeme.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kigoma, Tanzania, plagi ina miguu mitatu bapa, kwa kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, BS 1363. Baada ya Vita Kuu ya Pili shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo Waingereza walizungusha waya mmoja kwenye soketi nyingi, chini ya fyuzi ya ampea 30. Fyuzi hiyo ingeacha waya mwembamba wa redio uungue kabla haijakatika. Ndipo kila plagi ikapewa fyuzi yake: ampea 3 kwa taa, 13 kwa pasi. Mkondo ukizidi, uzi wa ndani huyeyuka.

Tangu 1996 watu wengi wa Fizi, upande wa Kongo, walikimbilia kambi za Kigoma, zikiwemo Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia 2005 meli ziliwarudisha wengi hadi Baraka, Fizi. Kifaa kilicholetwa kutoka Kigoma hukataa prizi ya Kikongo kwa umbo tu, maana volti 230 za kule na 220 za huku zinakaribiana. Adapta hutosha. Anayekata plagi na kufunga nyingine ya vijiti viwili hutupa fyuzi pamoja nayo, na mara nyingi waya wa ardhi pia. Kwenye jenereta isiyo na kikata umeme, hilo ni hatari kweli.