Ngombe anayechechemea kila mara: kujua sababu, kutunza, na kubeba hasara

Mfugaji wa Masisi, wa Lubero, wa Djugu ao wa Minembwe anajua jambo hili: magaribi ngombe anarudi wa mwisho mu kundi, mguu mmoja haugusi chini vizuri. Anapigwa shindano, anapona, wiki tatu zinapita, anachechemea tena. Kisha mwingine naye. Kisha ndama anakufa usiku na hakuna mtu anayejua sababu.

Kwa mtu wa muji, ngombe ni maziwa na nyama. Kwa familia ya kijiji, ngombe ni minervali ya watoto, ni mahari, ni feza ya hospitali, na mara nyingi ni kitu cha kwanza ambacho watu walinunua kisha kurudi toka kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo kilema kinachorudi-rudi si shida ya mguu tu. Hapa tunaeleza magonjwa makubwa yanayoleta kilema mu mifugo ya huku kwetu, namna ya kuyatofautisha, na mambo ya kufanya wakati nyama ameshaenda. Haya yote hayachukui nafasi ya veterinere, lakini yatakusaidia kumueleza vizuri ile unaona.

Angalia mguu mbele ya kununua dawa

Kilema si ugonjwa, ni alama. Ile shindano ya tetra ambayo watu wanapiga kwa kila ngombe anayechechemea inasaidia kwa magonjwa machache; kwa mengine haifanyi kitu, na feza imeenda. Mpeleke ngombe fasi kavu na ya sawa, mtembeze polepole, umuangalie toka nyuma na toka upande. Ni mguu gani anauogopa? Kisha mfunge vizuri, inua mguu na kamba, uoshe na maji mpaka uone kwato yenyewe.

Wafugaji wengi wanatafuta shida mu bega ao mu goti, na kuna wanaochoma bega na chuma ya moto. Lakini mara nyingi sana shida iko chini kabisa, katikati ya vidole viwili ao mu nyayo: jiwe lenye makali, kipande cha msumari, kwato iliyokuwa ndefu mpaka ikajikunja. Ku malisho ya karibu na volkano Nyiragongo na Nyamulagira, fasi majani yanaota juu ya mawe ya lava, hiyo ni kawaida. Dawa yake kubwa ni kisu safi mu mkono wa mtu anayejua kukata kwato, maji ya chumvi, na siku za kupumzika fasi kavu.

Kama katikati ya vidole pamevimba, ngozi imepasuka na harufu ni mbaya kabisa, hiyo ni pietini. Bakteria zinazoileta zinaishi mu matope na mavi, na zinaingia fasi ngozi imelegea juu ya kukaa mu maji. Njo maana inapanda wakati mvua inarudi, kuanzia mwezi wa 9. Hapa antibiotike kama oksitetrasikline ao penisiline inafanya kazi vizuri, kama inapigwa siku za kwanza na kwa kipimo kinacholingana na uzito wa ngombe. Kupiga nusu ya kipimo juu ya kuokoa feza ni kuomba pietini irudi. Ukikawia sana, uchafu unaingia mpaka mu kiungo, na kiungo kikisha kuoza ngombe hawezi tena kutembea vizuri.

Tukumbushe hapa: maziwa ya ngombe aliyepigwa antibiotike hayanywewi wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa ku chupa ya dawa. Watengenezaji wa fromaji ya Masisi wana sababu yao pia, kwani maziwa yenye dawa hayachachuki vizuri, na bidoni moja inaweza kuharibisha sufuria nzima.

Homa ya midomo na miguu

Kama si ngombe mmoja ila watano ao kumi wanachechemea mu siku chache, fungua midomo yao. Ukiona malengelenge ao vidonda ku ulimi na ku fizi, mate yanatoka kama povu, na vidonda vingine katikati ya kwato na ku chuchu, fikiria mara moja ugonjwa ambao veterinere anauita kwa Kifaransa fièvre aphteuse, na wasemaji wa Kinyarwanda wanauita uburenge. Unaletwa na virusi. Alama zinaonekana kati ya siku 2 na siku 14 kisha nyama kuambukizwa.

Hakuna shindano inayoua virusi hiyo. Mtu akikuuzia dawa ya kuiponyesha, anakuibia. Unachoweza kufanya ni kuwapa majani laini na maji safi, kuosha vidonda, kuwaweka fasi kavu, na kuomba antibiotike kwa wale ambao vidonda vyao vimeingiwa na uchafu. Ngombe wakubwa wengi wanapona. Ndama njo wanakufa, mara nyingi gafula, kwani virusi inapiga moyo wao. Na wale waliopona hawarudi wote kama mbele: kuna wanaobaki na manyoya marefu, wanahema sana ku jua, maziwa imepunguka. Mfugaji anabaki na ngombe mzima kwa macho, lakini faida yake imeenda.

Ugonjwa huu unapenda mambo yale ambayo vita inaleta. Makundi yanatembea mbali kukimbia risasi, yanachangana ku maji na ku chumvi, yanauzwa haraka ku soko bila mtu kuuliza yametoka wapi. Mipaka na Uganda, Rwanda na Burundi nayo haizuie virusi. Chanjo iko, lakini inapashwa kulingana na aina ya virusi inayotembea mu eneo, na nguvu yake inapunguka kisha miezi karibu 6. Kuchanja mara moja na kusahau hakusaidii.

Ugonjwa unaofanana na sumu

Ule ambao unaleta mabishano mengi kijijini ni charbon symptomatique. Unashika hasa ngombe vijana, kati ya miezi 6 na miaka 2, na mara nyingi wale wanono na wazuri kuliko wengine. Jioni kijana anachechemea. Paja ao bega limevimba. Mwanzoni ni la moto na linamuuma, kisha linakuwa baridi, na ukilikandamiza unasikia ndani kama majani makavu yanavunjika, kwani kuna hewa. Kesho yake ao kesho kutwa amekufa.

Angalia sasa namna jambo hilo linaonekana kwa mwenye ngombe. Jana alikuwa mzima, leo amekufa, nyama ya paja ni nyeusi. Mwenyewe anawaza: nani alimpa sumu? Nani alimpiga? Na kama jana yake ngombe aliingia mu shamba la maharagi ya jirani, jibu linapatikana haraka, na si jibu la veterinere. Huku kwetu, fasi wakulima na wafugaji wameshagombana juu ya udongo na juu ya kabila, neno moja la namna hiyo linaweza kuchoma nyumba. Tunaliandika waziwazi: bakteria ya ugonjwa huu inakaa mu udongo miaka mingi, ngombe anaimeza pamoja na majani, na inaamka mu mwili bila mkono wa mtu yeyote. Kama malisho yale yale yanaua vijana kila mwaka mvua inapoanza, si mchawi, ni udongo.

Chanjo yake si ya bei kali, na inapigwa mara moja kwa mwaka, mbele ya mvua kubwa. Nyama aliyekufa asichunwe, asiliwe, asitupwe mtoni. Azikwe chini sana, metre 2, na mbwa wasifikie.

Usichanganye na charbon ingine, ile charbon bactéridien, ambayo inaua hata watu. Hiyo mara nyingi inaua bila kilema, na damu isiyoganda inatoka mu pua ao mu nyuma. Kwa sababu majina yanafanana na macho yanadanganya, shauri ni moja: ngombe aliyekufa gafula hafunguliwi na kisu mpaka veterinere aseme.

Magonjwa mengine mawili kwa haraka. Goti lililovimba kama mpira bila kidonda, na mu kundi kuna majike wanaotupa mimba: hiyo inaweza kuwa bruseloze, ambayo watu wanaipata kwa maziwa mabichi na kwa kushika mimba iliyotoka kwa mikono bila kinga. Chemsha maziwa, na uombe damu ipimwe. Kisha kuna homa ya siku tatu, inayoletwa na wadudu wa kuuma: ngombe anachechemea mguu huu leo, ule kesho, analala, kisha anaamka mwenyewe. Mpe kivuli na maji, na usimunyweshe kwa nguvu, kwani koo linaweza kukosa nguvu ya kumeza na maji ikaingia mu mapafu.

Kama inarudi, angalia zizi

Kilema kinachorudi ku kundi lile lile, mwaka kwa mwaka, kwa maoni yetu ni mara chache shida ya ngombe. Ni shida ya fasi analala na njia anapita. Mlango wa zizi na fasi ya kunywea maji njo matope mengi, na pale pale kila ngombe anapita mara mbili kwa siku. Kumwaga changarawe laini pale, kuchimba mfereji wa kutosha maji, kuhamisha zizi wakati mvua imezidi: kazi hiyo haina gharama kubwa, inaomba jembe na siku mbili. Inashangaza namna gani mtu anauza mbuzi juu ya kununua dawa, na matope iko pale pale.

Wenye makundi makubwa wanaweka bafu ya miguu ku mlango: kilo 5 za sulfati ya shaba mu litre 100 za maji. Ngombe wapite kwanza mu maji safi juu ya kutosha mavi, kama sivyo dawa inaisha nguvu haraka. Wasiinywe. Kondoo wachungwe zaidi, kwani shaba inawaua upesi. Na maji ile haimwagwi mu mto wenye samaki.

Ngombe mpya toka soko akae peke yake wiki tatu mbele ya kuchangana na wengine. Tunajua ni vigumu kwa mtu mwenye lupango ndogo, lakini hata kumfunga ku kamba upande wa pili wa nyumba ni afazali.

Wakati ngombe ameenda

Kuna wakati dawa haisaidii. Ngombe aliyechechemea mara ya tatu mu mwaka, kiungo kimevimba, anakonda: mwenyewe anamngojea juu ya upendo, ao juu ya haya. Piga hesabu. Tuseme alikuwa anatoa litre 6 kwa siku, sasa anatoa 2. Mu mwezi mmoja umepoteza litre 120, na bado dawa. Kumchinja mapema, angali na mwili, mbele ya mpimaji wa nyama, kunakuachia feza ya kununua mtamba. Lakini kama ana homa, ao alipigwa dawa juzi, nyama yake hailiwi. Na kumtembeza ngombe wa miguu mitatu kilometre 20 mpaka soko ni kumtesa, na anafika bila bei. Kumuuzia jirani bila kumueleza ugonjwa ni mbaya zaidi: ugonjwa utakurudilia kupitia ua.

Hasara haiishie mu feza. Ngombe ana jina, watoto walikua naye, mwingine alikuwa ukumbusho wa baba aliyekufa. Mu desturi zetu mwanaume halie juu ya nyama; ananyamaza, wakati mwingine anakunywa, ao anamrudilia mtoto aliyekuwa anachunga. Yule mtoto hakuleta bakteria. Aambiwe sababu ya kifo, mbele ya wote. Mama wa nyumba naye aambiwe hali ya feza siku ile ile, kwani yeye njo atatafuta chakula bila maziwa ya kuuza.

Kwa kuanza tena, wengi wanapitia avec ao likelemba, ama wanapokea jike la jirani, wanalitunza na kugawana ndama. Kama ni hivyo, patana mbele ya mashahidi: akikufa na ugonjwa, nani anabeba hasara? Neno hilo likikosa kusemwa mwanzoni linaishia kwa chefu. Wengine wanarudi nyuma kidogo, wanaanza na mbuzi ao kobayi mpaka wapate feza. Hiyo si aibu.

Ukiita veterinere ao ajenti wa mifugo wa sheferi yenu, umuambie: ni ngombe wangapi wanachechemea, wa umri gani, tangu siku gani, mate yanatoka ao hapana, paja limevimba ao hapana, walichanjwa lini, na kama kuna ngombe mgeni aliyeingia mu kundi mwezi huu. Kama simu yako inapiga picha, piga picha ya kwato kisha kuiosha, na ya ulimi.